Taa Ndogo Nyekundu: Kwa Nini Gari Linazima Altaneta Ikifa

Najua nimewapotea. Nilikuwa nimeahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, lakini itabidi ingoje kidogo. Mwezi uliopita nilipewa somo lingine, na aliyenipa ni gari langu, usiku, kwenye mlima wa Mai Mahiu. Tangu siku hiyo nimesoma sana juu ya jambo hili na nimeona si vizuri nikae nalo peke yangu. Vuta kiti.

Nilikuwa natoka Nakuru kumrudisha Mama Nairobi, na tulishika barabara ya chini. Tulipofika Naivasha giza lilikuwa limeingia na mvua imeanza, kwa hiyo nikawasha taa kubwa, waipa, na feni ya kuondoa ukungu kwenye kioo. Hapo ndipo ile taa nyekundu yenye picha ya betri ilipowaka kwenye dashibodi. Kusema kweli haikuwa mara ya kwanza. Kwa siku kama kumi ilikuwa ikimeta kwa mbali nyakati za usiku, hafifu sana, kama sigara inayokaribia kuzima. Nilijiambia betri imezeeka, nitanunua nyingine mshahara ukiingia. Injini ilikuwa inavuta vizuri. Nikaendelea.

Mai Mahiu tulipita salama. Tulipoanza kupanda, redio ikajizima yenyewe. Kisha waipa zikaanza kwenda polepole kama mtu aliyechoka. Taa za mbele zikageuka rangi ya chungwa. Tulikuwa tumekipita kile kikanisa kidogo cha Waitaliano wakati gari lilipotikisika mara mbili, likazima. Siyo injini tu, kila kitu. Usukani ukawa mzito, na nilipokanyaga breki mara ya tatu ilikuwa ngumu kama jiwe. Nyuma yangu kulikuwa na malori, na hata zile taa za kuonya hazikuwaka, kwa sababu hakukuwa na stima ya kuziwasha. Mama alinyamaza, na mama yangu si mtu wa kunyamaza.

Waliotuokoa ni watu wa lori moja la zamani lililokuwa likipanda nyuma yetu. Tanboi aliruka chini kabla lori halijasimama, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu langu, kisha akakimbia kutandaza matawi ya miti barabarani huko nyuma. Dereva wake, mtu mzima, alimsalimia Mama kwanza, akainua boneti na kumulika kwa tochi.

"Kijana, gari lako limekufa njaa," akaniambia. "Altaneta haileti kitu." Kisha akalionyesha lori lake. "Hii yangu ikishawaka, hata ukitoa betri itafika Malaba, mradi iwe mchana."

Nilimshukuru, nikampa mkono. Lakini maneno yake yalinikaa kichwani kuliko hata ile hofu. Lori lile lina umri mkubwa kuliko mimi. Gari langu lina kompyuta ndani yake. Imekuwaje lile la zamani lisihitaji altaneta kutembea, na langu life barabarani kama simu iliyoisha chaji?

Jibu ni la kihistoria. Haya, tuanze mwanzo.

Injini ya petroli inahitaji cheche ili iwake. Karl Benz, alipotengeneza gari lake la magurudumu matatu lililopata hataza mwaka 1886, alitumia betri na koili. Tatizo ni kwamba hakukuwa na chochote cha kuichaji betri ile safarini. Ikiisha, imeisha. Mwaka 1888 mkewe, Bertha Benz, alifunga safari ya kwanza ndefu ya gari, kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, na husimuliwa kwamba njiani ilibidi atumie gata ya soksi yake kuzibia waya wa cheche uliochubuka. Kwa hiyo hitilafu za umeme njiani ni za zamani kama safari zenyewe.

Suluhisho lilikuwa magineto. Ukizungusha sumaku karibu na waya uliosukwa, umeme unazaliwa. Michael Faraday alikuwa ameonyesha kanuni hiyo mwaka 1831. Robert Bosch wa Ujerumani alitengeneza magineto yake ya kwanza mwaka 1887 kwa injini zisizotembea, na mwaka 1897 ikafungwa kwenye gari dogo la magurudumu matatu. Mwaka 1902 mhandisi wake Gottlob Honold akaleta magineto ya volti nyingi pamoja na plagi. Tangu hapo injini ilijitengenezea cheche yake yenyewe. Haikumwomba mtu. Mradi inazunguka, cheche ipo.

Ford Model T, iliyotoka mwaka 1908 na ikaundwa zaidi ya milioni 15 hadi mwaka 1927, ilikuwa na sumaku zake kwenye gurudumu zito la injini. Kuanzia mwaka 1915 hata taa za mbele zilipata umeme hapo. Kama umewahi kuendesha baiskeli yenye dainamo, unajua ilivyokuwa: ukienda kasi taa inang'aa, ukipunguza inafifia. Dereva wa Model T alipopunguza mwendo kwenye kona yenye giza, mahali hasa anapohitaji mwanga, taa nazo zilififia. Lakini injini haikuzima kwa sababu ya betri, maana iliweza kutembea bila betri kabisa.

Shida ilikuwa kuiwasha. Ulisimama mbele ya gari na kuzungusha injini kwa chuma, na injini ikirudi nyuma ghafla, chuma kile kilivunja mikono ya watu. Charles Kettering, ambaye kabla ya hapo alikuwa ametengeneza mota ya umeme ya kuendesha mashine za kuhesabu pesa madukani, aligundua kwamba mota ya kuwashia gari haihitaji kuwa kubwa. Inafanya kazi sekunde chache tu, kwa hiyo mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kwa muda mfupi. Stata yake ilitoka na Cadillac za mwaka 1912.

Hapo ndipo kila kitu kilipobadilika, nami naomba mnisikilize vizuri kwa sababu sisi waandishi wa programu tunaijua hadithi hii. Stata inahitaji betri kubwa. Betri inahitaji kuchajiwa, kwa hiyo gari likafungwa dainamo. Sasa betri ipo na dainamo ipo, basi kwa nini tuendelee kubeba magineto ghali? Katika miaka ya 1920 na 1930 magari mengi yaliachana na magineto yakarudi kwenye koili na betri, kama ya Benz, ila safari hii kulikuwa na kitu cha kuichaji. Uamuzi ulikuwa wa busara. Koili ilikuwa rahisi zaidi na ilitoa cheche nzuri hata injini ikizunguka polepole. Lakini siku hiyo injini ilipoteza cheche yake yenyewe. Hakuna aliyeandika kwenye tangazo kwamba kuanzia leo, stima ikikatika, injini inazima.

Watu wa ndege waliliona hilo, wakakataa. Nenda Wilson Airport hapa Nairobi utazame zile Cessna 172 za kufundishia marubani. Zile zenye injini ya petroli ya kawaida bado zina magineto, tena mbili kwa kila injini. Altaneta ikifa angani, rubani anaanza kupoteza redio na taa, lakini injini inaendelea kunguruma. Kwao injini kuzima kwa sababu ya waya uliolegea si jambo la kuegesha pembeni, kwa hiyo walikubali kubaki na kifaa cha zamani.

Tuirudie dainamo. Ndani yake umeme unazaliwa kwenye sehemu inayozunguka, na umeme wote huo lazima utolewe kupitia brashi za kaboni zinazosuguana na pete ya shaba iliyokatwa vipandevipande. Brashi zinaisha, shaba inachimbika, cheche zinaruka. Tena ni mvivu: injini ikiunguruma tu mahali pamoja, dainamo haileti cha maana. Ilihitaji hata swichi ya kuitenganisha na betri, kwa sababu bila swichi hiyo umeme ungerudi kinyumenyume kutoka kwenye betri na kuichoma. Land Rover za kwanza, zilizoanza kuuzwa mwaka 1948, zilikuwa na dainamo ya Lucas, kampuni ya Birmingham ambayo madereva Waingereza waliitania kwa kuiita Mfalme wa Giza. Lakini Land Rover zile zilikuwa pia na chuma cha kuzungushia mbele, na kabureta. Umeme uliohitajika kutembea mchana ulikuwa ampea chache tu. Dainamo ikifa Nairobi asubuhi, betri iliyojaa ingekufikisha Nakuru na ukapata chai.

Sasa tunafika kwenye altaneta. Wazo lake ni kugeuza mambo: sumaku ya umeme izunguke katikati, na umeme mkubwa uzaliwe kwenye waya uliotulia kandokando. Brashi zinabaki na kazi ndogo ya kupeleka ampea chache kwenye rota, kwa hiyo zinadumu, na altaneta inaweza kuzungushwa kasi mara mbili au tatu ya injini. Inachaji hata ukiwa umekwama kwenye foleni. Tatizo ni kwamba umeme wake unakwenda mbele na kurudi nyuma, na betri inataka umeme wa upande mmoja. Ilihitajika milango ya kuruhusu umeme upite upande mmoja tu, yaani dayodi, na kwa miaka mingi milango hiyo ilikuwa mikubwa na ghali, ya kufungwa kwenye mabasi na magari ya polisi.

Kilichofungua njia ni silikoni. Transista ya kwanza ilitengenezwa Bell Labs mwaka 1947, na katika miaka ya 1950 dayodi za silikoni zikawa ndogo, imara na za bei nafuu. Chrysler waliifunga altaneta kwenye Valiant ya mwaka 1960, na mwaka uliofuata kwenye magari yao yote. Kampuni nyingine zikafuata ndani ya miaka michache. Yaani mapinduzi yaliyoniletea mimi kazi ndiyo yaliyoiletea gari lako altaneta. Kompyuta na altaneta ni watoto wa shangazi na mjomba.

Na ile taa nyekundu? Huu ni ubunifu ambao naupenda sana. Magari mengi ya zamani yalikuwa na mshale wa kuonyesha ampea zikiingia au zikitoka. Baadaye mshale ukaondolewa, ikabaki taa. Katika altaneta nyingi taa hiyo iliungwa hivi: upande mmoja unapata umeme wa betri kupitia ufunguo, upande wa pili umeshikana na altaneta. Ukifungua ufunguo, umeme wa betri unapita kwenye taa na kuingia kwenye rota. Taa inawaka, na umeme uleule mdogo unaipa rota usumaku wa kuanzia. Injini ikizunguka, altaneta inapandisha volti za upande wake hadi kama 14. Pande mbili zikilingana hakuna umeme wa kupita, taa inazimika. Ni mizani! Haina kompyuta wala hesabu. Ikimeta kwa mbali, inakwambia kwamba mizani imeinama kidogo, na mara nyingi sababu ni dayodi moja iliyokufa. Yangu ilinieleza hivyo kwa siku kumi.

Kama historia ingeishia 1961, bado ningefika nyumbani usiku ule. Lakini mwaka 1967 Volkswagen 1600 zilizopelekwa Marekani zilianza kufungwa mfumo wa Bosch wa kupuliza petroli kwa kutumia umeme. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria kali ya moshi wa magari, na kabureta ikaanza kuonekana mzigo kwa sababu haiwezi kupima petroli kwa uangalifu uliotakiwa. Mwaka 1979 BMW 732i ikatoka na kompyuta moja inayosimamia petroli na cheche kwa pamoja. Hewa ya miji ikapata nafuu na petroli ikapungua kutumika. Sibezi hata kidogo. Ila pampu ya petroli sasa ni ya umeme, ndani ya tangi. Wa kupuliza petroli ni umeme. Wa kuamua lini cheche iruke ni kompyuta. Kisha usukani nao, katika magari mengi, ukasaidiwa na umeme.

Hebu tupige hesabu ya usiku wangu. Taa mbili za wati 55 ni kama ampea 9. Ongeza pampu, koili, kompyuta, waipa, feni ya ndani na feni ya rejeta. Unafika ampea 30 hadi 40 bila shida. Betri yangu ni ya ampea 45 kwa saa, tena si mpya. Kwenye karatasi ni saa moja na kitu. Barabarani ilikuwa kama dakika hamsini, kutoka Naivasha hadi mlimani. Volti zilipoporomoka, pampu ilidhoofika, cheche zikadhoofika, kompyuta ikachanganyikiwa, kwaheri. Lori la yule mzee ni dizeli ya zamani: haihitaji cheche, na pampu yake inasukumwa na gia za injini. Ndiyo maana lingefika Malaba.

Na si mimi peke yangu. Mwaka 2014 Chrysler, walewale walioileta altaneta sebuleni, waliyaita magari zaidi ya 400,000 nchini Marekani, ya kati ya miaka ya 2011 na 2014, kwa sababu dayodi za altaneta zilikuwa zinachoka kwa joto na gari linaweza kuzima likiwa mwendoni. Na msidhani magari ya umeme yameponyoka. Hayana altaneta, lakini bado yana betri ndogo ya volti 12 ya kuendesha kompyuta, na kifaa cha kuichaji kutoka kwenye betri kubwa. Mwaka 2024 Hyundai waliyaita karibu magari 99,000 ya umeme Marekani kwa sababu kifaa hicho kinaweza kuharibika, betri ndogo ikaisha, na gari likapoteza nguvu huku betri kubwa imejaa.

Sasa niwaambie kilichoiua altaneta yangu. Niliipeleka kwa fundi mzee wa umeme wa magari kule Kirinyaga Road. Aliifungua, akakuta dayodi mbili zimeungua na regulata nayo imekwisha. Akaniuliza kama kuna mtu aliyetoa waya wa betri injini ikiwa inawaka. Nikakumbuka. Wiki mbili kabla, fundi mmoja alikuwa ameichunguza chaji kwa njia hiyo: toa waya mmoja wa betri, gari likiendelea kuunguruma, basi altaneta ni nzima. Langu liliendelea kuunguruma, nikamlipa, nikaondoka nimefurahi.

Mzee akacheka kidogo. "Hiyo ni dawa ya dainamo, kijana wangu," akasema. "Nami nilifundishwa hivyo nikiwa mdogo. Dainamo haina dayodi."

Betri, wakati gari linawaka, ndiyo inayomeza mawimbi ya umeme. Ukiitoa ghafla, altaneta haiwezi kupunguza nguvu mara moja, na volti zinaweza kuruka kutoka 14 hadi zaidi ya 40 kwa muda mfupi sana. Dayodi zinaweza kuungua, na kompyuta pia. Kipimo kilichorithishwa kutoka kwa fundi hadi fundi, na ambacho zamani hakikuleta balaa, ndicho kilichokaribia kumuua mama yangu. Simlaumu sana fundi yule. Hakuna aliyemwambia kwamba kifaa kimebadilika. Kipimo salama ni mita ya kawaida: iguse kwenye betri injini ikiwaka, na kwa magari mengi utapata kati ya volti 13.5 na 14.5. Ukipata 12 na inazidi kushuka, hupati chaji.

Nami mwenyewe siwezi kujificha. Kazini nawagombeza wenzangu wanaofumbia macho maonyo kwenye seva eti kwa sababu programu bado inafanya kazi. Nikafanya vivyo hivyo na gari, Mama akiwa ndani.

Basi taa ile ikikuwakia safarini, fanya hivi. Zima redio, feni na kila usichohitaji, lakini ikiwa usiku usizime taa za mbele. Usizime injini mpaka ufike mahali penye watu na mwanga, kwa maana pengine haitawaka tena. Tazama kipimo cha joto: mkanda ukiwa umekatika, katika magari mengi ndio unaozungusha pia pampu ya maji, na hapo inabidi usimame mapema kabla injini haijachemka. Na usianze kupanda mlima. Naivasha ina hoteli na mafundi, na ningelala huko.

Mama sasa kila akiingia kwenye gari langu huinama kwanza kutazama dashibodi. Hasemi kitu. Anatazama mpaka taa nyekundu izimike, ndipo anafunga mkanda.

Ile makala ya hifadhidata inakuja, nimeahidi. Safari njema.